Mzizi wa Mzee Mwishehe

"Dawa hii haifanyi kitu," alisema Badru.

Naila alidhani hakusikia vizuri. Aliinua uso kutoka kwenye daftari lake akamtazama yule mwanamume ambaye wiki mbili tu zilizopita shangazi yake alipeleka barua ya kumposa yeye Naila, nyumbani kwao Kibuta. Badru hakumtazama. Alisimama mbele ya watu saba katika chumba cha mikutano cha maabara yao ndogo ya Kibaha, kidole kikielekea ukutani, ambako video ya minyoo ilikuwa inacheza.

Minyoo wale ukiwatazama hivi hivi ni kama punje za mchanga. Ni wa udongoni, hawamwingii mtu, ila dawa za minyoo hujaribiwa kwao kwanza. Dawa ikiwa kali, mnyoo huchoka kuogelea. Pale ukutani walikuwa wakubwa kama mikono ya watu, wakijipinda kushoto na kulia ndani ya kisahani cha maji, na juu ya mgongo wa kila mmoja kompyuta ilikuwa imechora mstari wa kijani uliopinda pamoja naye. Programu ile aliitunga Badru. Kazi yake ilikuwa kuwatazama minyoo kwa kamera na kuhesabu mikunjo yao, ili watu wasihesabu tena kwa macho.

"Kwenye maji matupu mnyoo anajipinda mara tisini na mbili kwa dakika," aliendelea. "Kwenye dawa, themanini na nane. Hiyo si tofauti ya kuitegemea. Hesabu tulizokuwa nazo mwanzo zilifanywa kwa jicho, na nadhani jicho lilitaka kuona kitu."

Hakutaja jina. Wote mle ndani walijua jicho lile lilikuwa la nani.

Kwa miezi saba Naila alikuwa ameinamia hadubini, kaunta ya kubonyezea hesabu mkononi, akihesabu mikunjo mpaka shingo ikamkakamaa. Na dawa yenyewe ilikuwa mzizi wa baba yake. Mzee Mwishehe aliurithi kwa babu yake, akaunywesha watu wa Kibuta na vijiji jirani kwa miaka arobaini, kila mwenye safura, kila mwenye mtoto wa tumbo kubwa na miguu myembamba. Mti wenyewe hakumwonyesha mtu. Hata Ashrafu, mwanawe wa kwanza, hakuujua. Alimwonyesha Naila, kwa sababu Naila alisoma, na Naila alimwambia kwamba huko Kibaha wataupima na kuuandika kwa jina lake.

"Usije ukanitia aibu, mwanangu," ndiyo maneno pekee aliyosema siku alipomkabidhi.

Dakta Elinipa, mkuu wa maabara, alifunga jalada lililokuwa mbele yake. Alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. "Basi tumeokoa muda. Naila, tutamwandikia mzee barua ya shukrani na kumweleza matokeo. Si vizuri kumwacha akingoja."

Naila aliitikia kwa kichwa.

Alimsubiri Badru nje, kwenye kivuli cha tangi la maji. Alipomwona anakuja aliona ukosi wa shati lake umekunjika upande, kama kawaida yake. Mkono wake Naila ulitaka kuunyoosha kwa mazoea. Akauchukia mkono wake mwenyewe, akaukunja kifuani.

"Ulijua tangu lini?"

"Naila, tukae tuongee."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Ijumaa," alisema Badru.

"Ijumaa jioni tulikula chipsi mayai Maili Moja. Ukanisindikiza mpaka mlangoni. Ulikuwa unajua?"

"Majibu nilikuwa nayo, sikuwa nimeyathibitisha."

"Jumapili ukanipigia simu, saa nzima tunaongea habari za nyumba ya kupanga, unaniuliza napenda dirisha la jikoni lielekee wapi. Ulikuwa umeyathibitisha?"

Badru alitazama chini.

"Ningekwambia, ungeniomba niyafiche," alisema hatimaye.

"Ningekuomba unionyeshe. Hivyo tu. Ungenionyesha mimi kwanza, halafu ungekwenda kusema popote unapotaka. Umenivua nguo mbele za watu, Badru, na watu wenyewe ni wale ninaofanya nao kazi kila siku."

"Sikutaka mtu aseme nimekupendelea kwa sababu ya posa. Mimi nimeleta namba. Namba haina baba."

"Mimi ninaye," alisema Naila, akamwacha pale pale.

Barua ilifika Kibuta Alhamisi. Kitwana, dereva wa maabara, aliishusha dukani kando ya barabara, mahali Mzee Mwishehe alipozoea kukaa alasiri. Mzee macho yake hayasomi tena, kwa hiyo Ashrafu aliifungua na kuisoma kwa sauti, akijivuna, watu wamewazunguka, kabla hajajua imeandikwa nini. Alipofika pale palipoandikwa kwamba dawa haina athari yoyote kwa minyoo alishindwa kurudi nyuma, maana watu walikuwa wameshasikia. Kabla ya magharibi Kibuta nzima ilikuwa na habari. Kesho yake kuna waliokuwa wanamwita Mzee Maji.

Ijumaa Naila aliomba ruhusa akaenda nyumbani. "Shikamoo, baba," alisema. "Marahaba," alijibu mzee, na baada ya hapo hakumwambia neno jingine hadi wakalala.

Na Jumamosi, saa nne asubuhi, pikipiki mbili zilikata kona ya shamba la minanasi. Ya mbele ilimleta Badru, mkoba wa kompyuta umemning'inia begani. Ya nyuma ilimleta shangazi yake, Bi. Biubwa, kutoka Mlandizi, amejitanda kanga mpya. Walikuwa wamekuja kufuata jibu la posa, siku ile ile waliyopangiana kabla mambo hayajaharibika.

"Ana uso wa kuja," alisema Ashrafu, akasimama.

"Kaa," alisema mama yao, Bi. Mwanahalima. "Mgeni ni mgeni." Alitandika mkeka barazani, akaleta maji kwenye jagi. Chai hakuleta, na Bi. Biubwa aliliona hilo.

Naila alijiweka nyuma ya pazia la mlango. Alisikia salamu zikipita upesi upesi, kama watu wanaopitisha kaa la moto mkononi.

"Tumekuja, mzee," alianza Bi. Biubwa. "Tulileta barua, tukaambiwa leo tutajibiwa."

"Mmekuja kuposa," aliuliza Ashrafu, "au mmekuja kutazama tulivyoanguka?"

"Ashrafu," alisema mzee bila kupaza sauti, kisha akageukia upande wa Badru. "Kijana, ni wewe uliyesema dawa yangu ni maji?"

"Mzee, kompyuta ndiyo iliyoonyesha kwamba..."

"Kompyuta sijaiuliza. Nimekuuliza wewe."

"Ni mimi, mzee."

"Na siku unasema, ulijua mwenye dawa ni nani?"

"Nilijua."

"Na barua yako ya posa iko ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, mzee."

Naila aliushika ukingo wa pazia. Sehemu moja ya moyo wake ilitaka Badru aendelee kubanwa mpaka alie. Nyingine ilikuwa inamwonea huruma, na hiyo ndiyo iliyozidi kumkasirisha.

"Sikuja kubishana," alisema Badru. "Nimekuja na video zenyewe. Nilitaka mtazame wenyewe, mjue kwamba sikutunga."

"Umesikia, baba?" alisema Ashrafu. "Mara ya kwanza haikumtosha. Amekufuata mpaka barazani kwako akuaibishe tena."

Naila alifungua pazia akatoka. Badru alinyanyua macho, na kwa nukta moja uso wake ulilainika kama zamani. Naila hakumpa nafasi. Alikaa mkekani, si kando yake bali mbele yake, akaweka magoti pamoja.

"Fungua," alisema.

"Naila..."

"Umebeba kompyuta kutoka Kibaha mpaka Kibuta. Fungua tuone."

Aliifungua. Minyoo walitokea kwenye kioo, na mistari ya kijani juu ya migongo yao. Mzee Mwishehe aliinama kidogo, Bi. Mwanahalima akasimama nyuma yake. Ashrafu alijifanya anatazama barabarani.

"Hiki ni kisahani gani?" aliuliza Naila.

"Cha kumi na sita. Chenye dawa."

"Hiki nilikiandaa mimi. Niliweka minyoo ishirini na watano, mmoja mmoja, kwa mrija, nikaandika. Programu yako imepima wangapi?"

Badru alitazama pembeni mwa kioo. "Kumi na wanne."

"Kumi na mmoja wako wapi?"

"Wengine hupishana, programu ikawapoteza. Wengine hutoka nje ya picha."

"Kisahani chote kiko ndani ya picha. Nakiona ukingo wake mpaka hapa. Ondoa mistari yako, uache picha tupu."

Badru alibonyeza. Mistari ya kijani ikapotea. Naila alisogea, akaanza kuonyesha kwa kidole bila kugusa kioo. "Huyu hapa. Huyu. Hawa wawili ukingoni. Huyu hapa katikati." Walikuwa wamelala wamenyooka, kama nyuzi zilizoanguka chini ya cherehani. Alipomaliza alikuwa amefika kumi na mmoja.

"Hawa kwa nini hawakuwa na mstari?"

Badru aliinamia kioo. Naila alimjua. Alijua lile tone la jasho juu ya mdomo wake linakuja wakati gani.

"Programu inaondoa kila kisichosogea," alisema taratibu, kama mtu anayejisomea hukumu. "Kisahani kina mikwaruzo, kina vumbi. Kitu kikibaki pale pale tangu mwanzo wa video mpaka mwisho, inahesabu kwamba ni uchafu. Inakifuta kabla haijaanza kupima."

"Mnyoo aliyelegezwa na dawa husogea?"

Badru alirudisha video nyuma, akaitazama tena.

"Badru. Mnyoo aliyelegezwa na dawa husogea?"

"Hasogei."

"Kwa hiyo wale ambao dawa iliwapata umewafuta. Ukapima waliobaki wazima. Halafu ukasimama mbele ya watu ukasema minyoo wote ni wazima."

"Ndiyo," alisema Badru. Hakujitetea tena. "Ndivyo nilivyofanya. Na sikuona."

Walifungua visahani vingine vitatu vya dawa. Ilikuwa vile vile. Walipofungua cha maji matupu, waliokosekana walikuwa wawili tu. Ashrafu alikuwa ameacha kutazama barabara. Alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Kwa hiyo dawa yangu inafanya kazi," alisema Mzee Mwishehe. Mgongo ulikuwa umemnyooka. Kwa mara ya kwanza tangu jana alimtazama binti yake usoni. "Waambie, Naila. Inafanya kazi?"

Wote walimgeukia. Neno moja tu, na jina la baba yake lingerudi safi mpaka dukani, na Badru angetoka pale amejifunika uso. Naila alilitamani neno lile kama mtu mwenye kiu. Lakini wale kumi na wanne walikuwa bado wanaogelea pale kwenye kioo, wepesi, kana kwamba hawajaonja kitu.

"Inafanya kwa baadhi, baba," alisema. "Hawa kumi na wanne haikuwagusa kabisa. Na kuna jambo jingine. Mimi nilipohesabu kwa macho nilikuwa najua kisahani kipi kina dawa yako. Kila kisahani nilichagua minyoo kumi tu ya kuhesabu. Nilikuwa nachagua waliochoka. Sikusema moyoni kwamba nachagua, ila nilichagua. Namba nilizokuletea zilikuwa kubwa kuliko ukweli."

Badru alimtazama kwa namna ambayo Naila hakuweza kuistahimili. Akageuza uso.

Mzee aliegemea ukuta. "Mmoja aliniambia inaponya," alisema polepole. "Mwingine akaniambia ni maji. Wote wawili mmesoma kwenye chombo kimoja." Alipangusa uso kwa kiganja. "Na mimi niliwapa watu kwa miaka arobaini, nikawaambia nendeni, mmepona. Wangapi walirudi kwao na minyoo yao wanaogelea hivyo?"

"Baba, hukujua."

"Sikujua. Na sikuuliza." Aliinuka kwa kushika nguzo. "Bi. Biubwa, utanisamehe. Leo sina jibu la posa. Nina mengine ya kuwaza." Akaingia ndani, na pazia likabaki linatikisika.

Bi. Biubwa aliweka bilauri yake chini kwa kishindo. "Basi na mimi nina jibu. Sisi tumekuja kwa heshima zetu. Nimekaa hapa nikamtazama binti akimhoji mtoto wa kaka yangu kama mwizi, mbele ya wazee, mbele yangu mimi. Mdomo huu hauingii nyumbani kwetu."

"Hata sisi hatuna mpango wa kuuleta," alisema Ashrafu.

"Shangazi," alisema Badru, "kilichoniaibisha ni kosa langu."

"Nyamaza. Chukua hicho kikompyuta chako twende."

Naila alimfuata mpaka penye pikipiki, si kwa kumsindikiza, bali alikuwa na neno lililobaki. Badru alikuwa anafunga mkoba.

"Jumatatu nitakwenda kwa Dakta nimweleze," alisema.

"Hutakwenda ofisini kwake peke yako ukanong'one. Utasema mbele ya wale wale saba."

"Mbele ya wale wale."

"Na mimi nitasema langu."

"Wewe hulazimiki, Naila. Hakuna anayejua."

"Wewe unajua sasa," alisema Naila. "Na baba yangu anajua." Akageuka. Alisikia pikipiki ikiwaka, ikaondoka, na hakugeuka nyuma mpaka sauti yake ilipopotelea upande wa barabara kubwa. Ndipo alipoona kwamba alikuwa ameng'ata ncha ya mtandio wake mpaka ukalowa.

Jumatatu alisimama yeye kwanza. Alieleza jinsi alivyokuwa akichagua minyoo, kisahani kwa kisahani, na alipomaliza masikio yalikuwa yanamwaka moto. Badru akafuata. Aliicheza video ile ile ukutani, mara hii bila mistari, akawahesabu waliolala mmoja mmoja kwa sauti. Marselina, aliyeshirikiana na Naila meza moja tangu walipoanza kazi, alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Dakta Elinipa hakuwapongeza. "Barua ile niliisaini mimi," alisema. "Jina langu lilisomwa dukani kwa watu, likamdhalilisha mzee wa watu kwa jambo lisilo kweli. Nitakwenda Kibuta mwenyewe kumwomba radhi. Ninyi wawili mtarudia kazi yote. Badru, programu yako ianze kwa kuhesabu kila mnyoo kwenye picha ya kwanza, aliye hai na aliyelala, na asipotee hata mmoja. Naila, visahani ataandaa Marselina, na alama za dawa atazifungia kabatini. Hakuna kati yenu atakayejua kipi ni kipi mpaka mwisho. Na kosa jingine la namna hii, atakayelifanya atafute kazi kwingine."

Watu walitoka. Naila alikwenda kusimama uani, kwenye jua, kwa sababu alihisi baridi. Badru alikuja akasimama hatua tatu kutoka kwake.

"Umenisamehe?"

"Programu niliisamehe pale pale mkekani. Kosa la programu mtu hulitafuta, akalirekebisha." Naila alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile ya kikao. "Lakini siku nne ulikaa na mimi, ukala na mimi, ukaniuliza habari za dirisha la jikoni, na huku unalo hilo moyoni. Hilo sijui linarekebishwa vipi."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaenda kunipoteza mbele ya watu saba."

Badru alirudi nyuma hatua moja. Alionekana hakulala, macho mekundu, shati lile lile la juzi. "Shangazi hataki kusikia jina lako," alisema. "Baba naye kamsikiliza yeye."

"Na Ashrafu hataki kusikia lako. Baba yangu haongei. Anakaa tu na daftari, anamtajia mama majina ya watu aliowapa dawa, mama anaandika. Anataka kuwapitia mmoja mmoja awaambie waende hospitali."

"Na wewe?" aliuliza Badru. "Waache wote. Wewe unasemaje?"

Naila aliishika ncha ya mtandio wake. Alikuwa amekesha siku mbili akiyapanga maneno ya kumkata mtu huyu maini, na yote yalikuwa mazuri, na sasa hakuona hata moja lililokuwa kweli.

"Nakupenda, Badru," alisema. "Na mwaka huu siolewi na wewe."

Badru alisimama kama aliyepigwa. Kisha akayarudia maneno yale kwa sauti ya chini, na akakwama kwenye mawili.

"Mwaka huu?"

"Umenisikia nilivyosema."

Marselina alichungulia mlangoni akaita kwamba visahani vya kwanza viko tayari. Naila alipita karibu na Badru bila kumgusa, akaingia ndani, akanawa mikono, akavuta kiti chake mbele ya hadubini. Muda si mrefu alisikia kiti kingine kikivutwa upande wa pili wa chumba, kwenye kompyuta. Wakaanza kuhesabu.